Usukani Ukitetema, Kwanza Taja Mwendo

Masika yakishika Chamazi, yanayofika nyumbani bila kusukumwa ni magari marefu. Land Cruiser za mkonga, Defender za zamani na vijimny vya vijana hutoka kwenye vichochoro vimelowa tope mpaka milangoni, huingia barabara ya Mbande kwenda Mbagala Rangi Tatu, kisha hushika Barabara ya Kilwa. Mpaka kilomita 60 kwa saa mambo ni shwari. Mshale ukigusa 80, usukani unaanza kutetema mikononi. Jioni dereva anampigia fundi wake: "Gari imekufa miguu ya mbele."

Huenda haijafa chochote. Tuseme gramu 200 za tope zimeganda ndani ya rimu, sehemu moja, sentimita 20 hivi kutoka katikati ya gurudumu. Tairi la 7.50R16 la Land Cruiser lina kipenyo cha karibu sentimita 80, hivyo kila mzunguko mmoja linakata mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka takriban mara 9 kila sekunde. Nguvu ya kuvuta nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo kibonge kile cha gramu 200 sasa kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 12 na ushee, mara juu, mara mbele, mara chini, mara nyuma. Kwa kilomita 40 kwa saa nguvu hiyo ni robo tu, kama kilo 3, na mikono haiisikii. Dawa yake ni mpira wa maji na bisibisi ya kukwangulia upande wa ndani wa rimu, ule ambao vijana wa kuosha magari hawaufikii kwa sababu hauonekani.

Ndiyo maana fundi anayeijua kazi hashiki spana kwanza. Anauliza: "Inatetema ikiwa kwenye ngapi, bosi? Ukikanyaga breki inazidi? Ukiachia mafuta je?" Maswali hayo yanaweza kuonekana ya kupoteza muda, hasa kwa mtu aliyekwisha kutumwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua tairodi endi mbili, boljointi na shokapu, akafunga zote, na gari likaendelea kutetema vilevile. Kubadilisha spea kwa kubahatisha ndiyo njia ghali kuliko zote za kutafuta ugonjwa. Mtetemo ni kitu kinachohesabika, na kila kinachozunguka kwenye gari kina hesabu yake.

Chukua gari lilelile, kilomita 80 kwa saa. Magurudumu yanazunguka mara 9 kwa sekunde. Propela, kwa sababu ya uwiano wa difu ambao kwenye Land Cruiser nyingi za kazi ni kama 4.1 kwa 1, inazunguka mara 36 au 37. Tofauti hiyo mwili unaitambua wenyewe. Mitikisiko 9 kwa sekunde ni mtikiso unaoonekana kwa macho: usukani unakwenda kushoto na kulia. Mitikisiko 36 ni mvumo, unausikia kwenye sakafu na kwenye wenzo wa gia, na usukani unaweza kuwa umetulia kabisa. Anayelalamikia mvumo wa sakafuni hana sababu ya kununua tairodi endi. Akague krosi za propela na yoki zake.

Asiyeamini mikono yake anaweza kutumia simu. Simu nyingi za siku hizi zina kipima-mchapuko ndani, kilekile kinachogeuza picha ukiilaza simu. Chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kilitoa mwaka 2016 programu ya bure iitwayo phyphox, ambayo inasoma kipima hicho na kuchora grafu ya mitikisiko kwa sekunde. Ikaze simu juu ya dashibodi, mwenzako aishughulikie (dereva aangalie barabara), endesheni kwa mwendo mmoja kwa nusu dakika mahali ambapo sheria na msongamano vinaruhusu. Kilele kikisimama kwenye 9, mtuhumiwa ni gurudumu. Kikisimama kwenye 36, ni propela. Kikiwa hakihami hata mwendo ukibadilika, lakini kinahama ukipandisha mizunguko ya injini, basi acha miguu ya mbele na uangalie injini na mipira inayoishikilia.

Dalili nyingine hazihitaji simu. Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu ni wa diski za mbele ambazo unene wake haulingani tena. Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani kisha ukatulia ukiupita, hiyo ni balansi ya matairi. Usukani ukitulia lakini kiti kinatikisika, anza na magurudumu ya nyuma.

Matairi yenyewe yanastahili kutazamwa kabla ya chuma chochote, hasa ya mtumba. Mashine ya balansi inaona uzito; haioni kwamba tairi limekuwa yai. Tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimekatika linaweza kupigwa vipande vya risasi mpaka mashine ionyeshe sifuri, na bado likirudi barabarani linarusha gari. Linyanyue kwa jeki, liweke jiwe au tofali karibu na uso wake, lizungushe taratibu kwa mkono, uangalie ile nafasi kati ya tofali na mpira. Ikipanuka na kusinyaa waziwazi, hilo si la kubalansi, ni la kutupa. Umri nao umeandikwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi kama hilo, hata kama kashata zake ni nzima na muuzaji anakuapia, mpira wake umekwisha kukakamaa.

Sasa twende chini ya gari, gereji ya uani, jeki chini ya ekseli na jiwe nyuma ya tairi. Fundi anashika tairi la mbele juu na chini, mkono mmoja saa kumi na mbili na mwingine saa sita, analisukuma na kulivuta. Linagonga: tok, tok. Wengi hapo hutamka "beringi" na kuanza kufungua. Asubiri kidogo. Ampandishe mtu garini akanyage breki na kuishikilia, kisha atikise tena. Breki inafunga diski, na diski imekazwa kwenye habu. Kwa hiyo ikikanyagwa, habu na kifundo kinachobeba gurudumu vinakuwa kitu kimoja. Kama kule kugonga kumepotea, ni beringi za gurudumu kweli. Kama bado kupo, beringi za gurudumu hazina hatia na ulegevu uko ndani zaidi: kwenye kingpini za gari lenye ekseli nzima, au kwenye boljointi za gari lenye miguu inayojitegemea. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, kinachukua dakika mbili, na kinashangaza jinsi kisivyotumika.

Baada ya hapo gari lishushwe. Tairodi na viungo vya usukani hupimwa vikiwa vimebeba uzito, magurudumu yakiwa chini. Injini inawashwa, gari likiwa limezuiwa lisisogee, mtu mmoja anacheza na usukani kidogo kushoto na kulia, haraka haraka, na fundi anaweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu: mkono wa stelingi boksi, fimbo zake, tairodi endi, mpaka kwenye gurudumu. Panapotakiwa vyuma viwili viende pamoja, kimoja kikitangulia na kingine kikafuata, pamepatikana. Aangalie pia stelingi boksi yenyewe pale ilipofungwa kwenye chesisi. Bolti zikiwa zimelegea, au chesisi imepasuka ufa mwembamba kama ilivyo kwa magari yaliyokula barabara mbovu miaka mingi, hakuna spea ya mbele itakayosaidia.

Yote hayo ni mitetemo ya kawaida. Ipo moja ambayo si ya kawaida, na walioionja hawaisahau. Gari liko kilomita 70 kwa saa, limetulia, linapita juu ya kiungo cha daraja au shimo dogo, na ghafla mbele yote inaanza kutikisika kwa fujo, usukani unapigana na mikono, na haiachi mpaka gari likaribie kusimama. Hapa hakuna uzito unaosukuma kwa mpigo wake. Mtikiso unajilisha wenyewe kwa nguvu inayotoka kwenye mwendo wa gari, kupitia matairi.

Wahandisi walikutana na balaa hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1923 kampuni ya Firestone ilileta matairi mapana ya upepo mdogo. Safari ikawa laini, na magurudumu ya mbele yakaanza kucheza. Mfaransa Georges Broulhiet aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1925, akieleza jinsi tairi linavyoteleza kidogo kwa pembeni likiwa linabingirika. Sababu kubwa ilikuwa ekseli nzima ya mbele. Gurudumu linalozunguka kwa kasi hujibu kwa namna ya ajabu: ukiliinamisha, linataka kugeuka. Tairi la kushoto likikanyaga tuta, ekseli yote inainama, na magurudumu yote mawili yanapata msukumo wa kukata kona. Yakigeuka, yanaisukuma ekseli iiname upande wa pili. Zamu kwa zamu, kukiwa na ulegevu wa kutosha, mchezo unakolea. General Motors walipoanza kuachana na ekseli hiyo kwenye magari yao madogo mwaka 1934, kwa miguu ya mbele inayojitegemea, tatizo hili lilikuwa miongoni mwa waliyotaka kuyazika.

Magari ya porini hayakuachana nayo, kwa sababu nzuri: ekseli nzima ni ngumu, inabeba, na fundi wa Kibiti anaifungua na kuifunga kwa spana alizonazo. Land Cruiser ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, inayo mpaka leo. Jimny inayo. Defender ya zamani inayo. Kwenye Land Cruiser hizo kingpini ni beringi mbili, moja juu na moja chini ya kifundo, na zinatakiwa ziwe zimebanwa kiasi kwamba kifundo hakigeuki kwa kidole. Kinapimwa kwa kukivuta na mizani ya ndoano. Ule ugumu ni breki ya mchezo wote. Grisi ikioshwa na maji ya mafuriko, au sili ya ndani ikafa na oili ya difu ikaingia kuichanganya, beringi zinalika na ugumu unapotea. Ukiona ujiuji mweusi umechuruzika ndani ya rimu ya mbele, usiufute tu.

Kwenye Land Cruiser hizo za kuanzia mwaka 1999, zenye springi za kujiviringa mbele badala ya springi za bapa, ongeza fimbo ya pembeni inayoishika ekseli isihame kushoto na kulia. Bushi zake zikilika, au tundu la bolti likipanuka na kuwa la mviringo mrefu, ekseli inapata uhuru ambao haikupewa.

Halafu kuna wanaopandisha gari ili lionekane la kibabe. Mhimili unaogeuzia gurudumu umelazwa nyuma nyuzi chache kwa makusudi, ili sehemu ambayo tairi linagusa barabara ifuate nyuma ya mhimili. Ndivyo kigurudumu cha toroli la supamaketi kinavyonyooka chenyewe ukilisukuma. Springi ndefu zikifungwa bila kurekebisha mikono ya ekseli, zile nyuzi zinaliwa. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga. Mtu anasifia kwamba gari limekuwa laini.

Kipo kifaa ambacho wengi hukikimbilia: shokapu ya usukani, ile inayolala kwa upana mbele ya ekseli. Ukifunga mpya, mtikiso hupungua kweli, wakati mwingine hutoweka kwa miezi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo spea inayodanganya kuliko zote. Ilitengenezwa kupunguza makali ya mashimo, siyo kushikilia kingpini iliyokwisha. Ulegevu unaendelea kukua chini yake kimyakimya, na siku shokapu hiyo ikichoka, mtikiso unarudi ukiwa mkubwa zaidi. Ifungwe mwisho, baada ya kila kiungo kupimwa.

Kwa wanaokwenda mbugani, barabara za vumbi kama ile ya Kibiti kwenda Mloka, karibu na lango la Hifadhi ya Nyerere, ndizo zinazomaliza bolti. Tuchukue migongo ya barabarani iliyoachana sentimita 75. Kwa kilomita 30 kwa saa ekseli inapigwa mara 11 kwa sekunde, karibu kabisa na mpigo wake wa asili, na ndiyo maana gari linakaribia kusambaratika. Kwa 60 mapigo ni 22, ekseli haiwezi kufuata, na gari linapita juu juu. Madereva wanalijua hili na hukanyaga mafuta. Wanalosahau ni kwamba tairi linaloruka halishiki barabara, na kwamba bolti zilizopigwa mara 22 kwa sekunde kwa saa mbili zinahitaji kukazwa kabla ya safari ya kurudi, pamoja na nati za magurudumu.

Na mtikiso ule mkubwa ukikukuta Barabara ya Kilwa, usikanyage breki kwa nguvu na usishindane na usukani. Ushike imara, vidole gumba vikiwa nje ya duara lake, ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipoteze mwendo lenyewe, kisha toka pembeni ya barabara. Ukishatulia unaweza kulipeleka gereji iliyo karibu, polepole, taa za hadhari zikiwaka. Usilipakie abiria tena mpaka ulegevu upatikane na kuondolewa, hata kama siku ya pili limekuwa limetulia.