Msimu mbovu wa Panthers na hisa zilizohamia hotelini

MWEZI Novemba 1996 kampuni ya Florida Panthers Holdings, mmiliki wa timu ya hoki ya barafu ya Florida Panthers nchini Marekani, iliuza hisa zake kwa umma kwa bei ya dola 10 kila moja. Hisa hizo ziliandikishwa katika soko la Nasdaq kwa alama ya PUCK, ambalo ni jina la kile kisahani cha mpira mgumu kinachogombewa na wachezaji wa mchezo huo. Miezi 17 baadaye, Aprili 1998, timu ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 24 tu kati ya 82. Ilifungwa mara 43 na kutoka sare mara 15. Tangu ianzishwe, haikuwahi kufanya vibaya kiasi hicho.

Aliyenunua hisa hizo kwa kuipenda timu alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba fedha zake zimekwenda na maji. Haikuwa hivyo. Jinsi ilivyokuwa ndiyo habari yenyewe, na inamhusu mwekezaji mdogo kuliko inavyomhusu mshabiki wa michezo.

Mwenye timu alikuwa H. Wayne Huizenga, mfanyabiashara wa Fort Lauderdale aliyepata utajiri wake wa kwanza kwa kuzoa taka kupitia kampuni ya Waste Management, kisha akapata mwingine kwa kukodisha mikanda ya video kupitia maduka ya Blockbuster, ambayo kampuni ya Viacom iliyachukua mwaka 1994. Mwaka 1992 ligi ya NHL, yaani ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ilimpa kibali cha kuanzisha timu kusini mwa Florida kwa ada ya dola milioni 50. Wengi walicheka. Florida ni nchi ya jua na fukwe, na barafu huko hukaa kwenye bilauri. Lakini mtu aliyetajirika kwa taka hakuwa mtu wa kubabaishwa na kicheko.

Panya wa plastiki

Timu ilianza kucheza Oktoba 1993. Katika msimu wake wa tatu, 1995-96, ilifanya maajabu. Yalianzia chumba cha kubadilishia nguo, pale panya alipojipenyeza kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani. Mchezaji Scott Mellanby alimpiga kwa gongo lake akafa papo hapo, kisha akaingia uwanjani na kufunga mabao mawili kwa gongo hilohilo. Tangu siku hiyo washabiki wakawa wanarusha panya wa plastiki uwanjani kila timu inapofunga, hata mchezo ukawa unasimamishwa ili wazolewe.

Panthers wakawatoa Boston, wakawatoa Philadelphia, wakawatoa Pittsburgh, hadi wakafika fainali ya Kombe la Stanley. Huko walifungwa na Colorado mechi nne mfululizo, ya mwisho kwa bao 1-0 katika kipindi cha tatu cha muda wa nyongeza.

Hapa mfanyabiashara aache kutazama mabao na atazame mlango wa kuingilia uwanjani. Katika ligi hiyo klabu hulipa mishahara ya wachezaji kwa msimu wa kawaida. Inapofika hatua ya mtoano, mshahara umekwisha kulipwa, lakini tiketi zinaendelea kuuzwa, tena kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo mechi ya mtoano inayochezwa nyumbani ni faida inayokaribia kuwa tupu. Mwaka 1996 Panthers walicheza mechi 11 za namna hiyo katika uwanja wa Miami Arena, wenye viti 14,703 kwa mchezo wa hoki.

Hata hivyo timu ilikuwa ikila hasara. Uwanja haukuwa mali ya Huizenga, na mapato ya maegesho ya magari, ya vyakula na vinywaji na ya vyumba vya wakubwa hayakumfikia kwa kiwango alichokitaka. Mishahara ilikuwa ikipanda kila mwaka, maana ligi haikuwa na kikomo cha mishahara hadi mwaka 2005. Habari za hasara hizo hazikufichwa. Aliyeusoma waraka wa matarajio aliziona. Tatizo ni kwamba waraka wa matarajio husomwa na wachache, na panya walikuwa wameonekana na wote.

Miezi mitano baada ya fainali, hisa zikauzwa. Umma ulipewa hisa za daraja A. Za daraja B, zenye wingi wa kura, zilibaki zote mkononi mwa Huizenga. Mwanahisa mdogo alinunua haki ya kupata faida au hasara pamoja naye. Haki ya kumwambia afanye nini haikuwa imewekwa sokoni.

Mabao ya Barnes

Mwezi uleule wa Novemba 1996 uongozi wa timu ulifanya biashara nyingine ambayo soko la hisa halikuishughulikia. Uliwapeleka Pittsburgh wachezaji wawili, mshambuliaji Stu Barnes na beki Jason Woolley, ukapokea kijana mmoja aliyeitwa Chris Wells, mrefu, mwenye mwili, na aliyesifiwa kwa mambo ambayo angekuja kuyafanya baadaye. Kwa lugha ya dukani, walitoa mali inayouzika leo wakachukua mali ya kungojea.

Msimu wa 1996-97 bado uliwaendea vizuri. Walipata pointi 89, lakini katika mtoano wakatolewa raundi ya kwanza na New York Rangers, mechi nne kwa moja. Mechi za mtoano za nyumbani zikashuka kutoka 11 hadi tatu.

Ndipo ukaja msimu wa 1997-98. Nahodha Brian Skrudland alikuwa amehamia Rangers. Golikipa John Vanbiesbrouck, aliyewabeba hadi fainali, alikuwa na miaka 34. Rob Niedermayer, kijana waliyemtegemea katikati, aliandamwa na majeraha na hakucheza hata nusu ya mechi. Kufikia Novemba timu ilikuwa imeshinda mara saba, imefungwa mara 12 na kutoka sare mara nne, na kocha Doug MacLean, yuleyule aliyeifikisha fainali, akafukuzwa. Meneja mkuu Bryan Murray alishika mwenyewe kazi ya ukocha. Chini yake timu ilishinda mara 17, ikafungwa mara 31 na kutoka sare mara 11. Ieleweke kwamba meneja huyo ndiye aliyewanunua wachezaji waliomshinda kocha aliyemfukuza. Mizania ya kampuni haina mstari wa kuonyesha jambo kama hilo.

Kule Pittsburgh, Barnes alifunga mabao 30 msimu huo. Wells hakufikisha 10. Aliyeongoza kwa mabao upande wa Panthers alikuwa Ray Whitney, mtu mfupi ambaye Edmonton walimwacha mwezi Novemba akaokotwa karibu na bure. Huyo alipita mabao 30. Mali ya bei kubwa ikadoda na iliyookotwa ikauzika. Wenye maduka wanaijua hali hiyo.

Pointi zilikuwa 63. Mechi za mtoano za nyumbani zikawa sifuri.

Fedha ya karatasi

Katika hali ya kawaida, kampuni ambayo bidhaa yake pekee ni timu isingepona kirahisi. Lakini kufikia Aprili 1998 Florida Panthers Holdings haikuwa tena kampuni ya timu. Wanahisa waliosoma taarifa zao walilijua hilo. Waliosoma kurasa za michezo pekee hawakulijua.

Mwezi mmoja tu baada ya hisa kuuzwa, kampuni ilitangaza mpango wa kununua hoteli mbili za ufukweni Fort Lauderdale, Pier 66 na Bahia Mar. Juni 1997 ikachukua hoteli kubwa ya kitajiri ya Boca Raton. Sehemu kubwa ya bei za mali hizo haikulipwa kwa fedha taslimu. Ililipwa kwa hisa mpya za kampuni yenyewe.

Mapema mwaka 1997 bei ya hisa sokoni ilikuwa imepita dola 25. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na habari za hoteli, sehemu ilitokana na jina la Huizenga, na sehemu haikuwa na maelezo zaidi ya mapenzi ya washabiki na kumbukumbu ya panya. Kwa mwenye hoteli aliyekuwa akiuza, chanzo cha bei hakikuwa na maana. Alipokea karatasi yenye thamani ya dola 25 na zaidi, na kampuni ikapokea vitanda, vyumba, viwanja vya gofu na gati za boti. Karatasi iliyopandishwa bei na ushabiki ilibadilishwa kuwa ardhi ya ufukweni kabla ushabiki haujapoa. Yeyote aliyewahi kuuza mahindi kabla ya mvua kunyesha ataona kwamba mzee huyo alijua saa.

Julai 1997 alama ya PUCK iliachwa. Hisa zilihamia soko la New York kwa alama ya PAW, yaani wayo wa mnyama. Kwa hiyo timu ilipokuwa ikifungwa usiku baada ya usiku katika majira ya baridi ya 1998, vyumba vya hoteli vilikuwa vimejaa watalii waliokimbia baridi hiyohiyo, na sehemu kubwa ya mapato ya kampuni ilikuwa ikitoka kwao.

Katika mwaka huohuo Huizenga alitoa mfano wa pili, tena ulio wazi zaidi. Timu yake ya besiboli, Florida Marlins, ilitwaa ubingwa wa Marekani Oktoba 1997. Akasema inampa hasara, akawauza wachezaji wake bora, na mwaka 1998 ikafungwa mechi 108. Huko alifika kileleni na bado hakuona faida. Mwanahisa wa Panthers aliyetaka kujua mwenye timu anauthamini ushindi wa uwanjani kwa kiasi gani hakuhitaji dalali wa kumweleza.

Uwanja mpya, jina jipya

Oktoba 1998 timu ilihamia uwanja mpya katika mji wa Sunrise, wilaya ya Broward, uliojengwa kwa sehemu kubwa kwa kodi wanazotozwa watalii. Uwanja ulipewa jina la National Car Rental, kampuni ya kukodisha magari iliyokuwa chini ya Republic Industries, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Huizenga. Januari 1999 akanunuliwa mfungaji Mrusi Pavel Bure kutoka Vancouver, naye katika msimu wa 1999-2000 akaongoza ligi nzima kwa mabao 58. Timu ilirudi kwenye mtoano mwaka 2000 na kutolewa na New Jersey bila kushinda hata mechi moja.

Hapo kampuni ilikuwa imekwisha badili hata jina. Mwaka 1999 ikaitwa Boca Resorts. Bei ya hisa ilikuwa imeshuka na kurudi jirani na zile dola 10 za mwanzo, kwa kuwa soko la miaka hiyo lilikuwa likikimbilia kampuni za kompyuta na halikuwa na muda na hoteli, sembuse timu ya hoki inayokula hasara. Mwaka 2001 timu iliuzwa kwa kundi lililoongozwa na Alan Cohen kwa dola milioni 101. Ukiweka bei hiyo kando ya ada ya milioni 50 unaona kama imezaa maradufu. Ukihesabu pia hasara za miaka ya katikati, maradufu hiyo inanywea.

Mwaka 2004 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilikubali kuinunua Boca Resorts yote kwa dola bilioni 1.25, madeni yakiwemo. Wanahisa walilipwa taslimu dola 24 kwa kila hisa.

Mtu aliyenunua kwa dola 10 Novemba 1996 na kukaa kimya alipata ongezeko la asilimia 140 kwa miaka minane, sawa na kidogo zaidi ya asilimia 11 kwa mwaka. Si haba, ingawa alilazimika kuvumilia miaka mingi ya kuiona hisa yake ikizunguka palepale alipoanzia. Aliyesubiri hadi kila mtu alipokuwa akizizungumzia hisa hizo mapema 1997, akanunua kwa bei ya zaidi ya dola 25, alingoja karibu miaka minane na kupokea pungufu ya alichotoa. Wote wawili walikuwa na hisa ileile, katika kampuni ileile. Waliuona msimu mbovu uleule wa 1997-98, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hesabu yake ya mwisho iliamuliwa na msimu huo.

Huizenga alifariki Machi 2018. Juni 2024 Panthers walitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, wakiifunga Edmonton 2-1 katika mechi ya saba iliyochezwa Sunrise, kwenye uwanja uleule wa mwaka 1998 ambao sasa una jina la benki. Mwaka 2025 wakalitwaa tena. Timu ni mali ya mtu binafsi, na aliyekuwa mwanahisa wa PUCK, kama alikwenda kutazama, alinunua tiketi kama watu wengine.