USHAHIDI WA KIGAE CHA KIJANI

Askari mpelelezi hamtii mtu hatiani kwa rangi ya shati lake. Wachimbuzi wa mambo ya kale nchini Uingereza nao wanashika kanuni hiyo waokotapo vigae vya magudulia ya Zama za Kati. Vingi vina mng'aro wa kijani, na rangi hiyo peke yake haimtambulishi mfinyanzi.

Mng'aro huo ulitokana na madini ya risasi yaliyopakwa juu ya chombo, yakayeyuka tanurini na kuganda kama kioo. Yakitiwa shaba, hutoa rangi ya kijani. Mafundi wa miji mingi waliijua kazi hiyo na wakaigana.

Kwa hiyo mtaalamu humega ukingo wa kigae kwa koleo, kisha hutazama udongo kwa kioo cha kukuzia. Kigae cha Kingston, karibu na London, ni cheupe hadi ndani. Cha London ni chekundu, na mara nyingi chini ya mng'aro mna utando mwembamba wa udongo mweupe. Cha Mill Green, katika jimbo la Essex, ni chekundu vilevile, lakini udongo wake ni laini zaidi na una chembe za ulanga.

Kosa hapa si dogo. Vyombo vya London vilianza kufinyangwa karibu mwaka 1080. Vya Kingston karibu 1230. Anayevichanganya aweza kuupa msingi wa nyumba umri uliozidi kwa miaka mia na zaidi. Tarehe hizo zilisaidiwa na mbao za magati ya kale ya mto Thames: pete za miti zilihesabiwa, na vigae vilivyofukiwa nyuma ya mbao vikapata umri.

Mapambo nayo hutoa fununu. Mafundi wa Scarborough walibandika askari wapanda farasi wenye ngao. Wale wa Grimston, katika Norfolk, walichonga nyuso zenye ndevu juu ya udongo wa kijivu. Vyombo vya pande hizo mbili vimefukuliwa hata Bergen, nchini Norway. Lakini wapanda farasi walifinyangwa Nottingham pia.

Basi kigae huhojiwa kwa utaratibu: kwanza udongo, pili utando na mng'aro, mwisho pambo. Mashahidi hao wakipingana, hukumu husubiri.