Ujumbe wa kusasisha Flash ni mtego, watumiaji wa intaneti wajihadhari

MTUMIAJI wa intaneti anapofungua ukurasa kisha ujumbe ukachomoza ghafla kumwambia kwamba Flash Player yake imepitwa na wakati, hana haja ya kubabaika. Ujumbe huo ni wa uongo.

Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia programu hiyo Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 ikaizuia kuonyesha chochote. Mwezi uo huo, Chrome na Firefox, ambavyo ni vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, viliondoa kabisa uwezo wa kuiendesha.

Kwa miaka mingi, kivinjari peke yake hakikuweza kuonyesha video wala michezo ipasavyo. Kililazimika kusaidiwa na programu-jalizi, ambazo ni programu ndogo zilizoundwa na kampuni nyingine na kupachikwa ndani yake. Flash, iliyoanza katika miaka ya 1990, ilikuwa miongoni mwa zilizovuma zaidi.

Kila programu-jalizi ilihitaji kusasishwa kivyake ili kuziba nyufa ambazo wadukuzi wangeweza kupenyea. Kwa hivyo, watu walizoea kuona ujumbe wa kuwahimiza wapakue toleo jipya, na wengi wakazoea kukubali bila kusoma. Wahalifu waliigundua tabia hiyo, wakaanza kuiga ujumbe huo pamoja na nembo yake.

Madhara yake yalidhihirika Oktoba 24, 2017, wakati programu hasidi iliyoitwa Bad Rabbit ilipozuka nchini Urusi na Ukraine. Wahalifu walikuwa wameingilia tovuti halali, zikiwemo za habari, na kuweka humo ombi la kusasisha Flash. Waliokubali na kuendesha faili hiyo walifungiwa data zao, kisha wakatakiwa kulipa kikombozi cha bitcoin 0.05. Shirika la habari la Interfax, uwanja wa ndege wa Odessa na huduma ya treni za chini ya ardhi mjini Kyiv ni baadhi ya walioathiriwa.

Siku hizi, kazi ya kuonyesha video hufanywa na kivinjari chenyewe kwa mfumo wa HTML5, ambao YouTube iliufanya kuwa chaguo lake la kwanza Januari 2015. Ukurasa unaodai kwamba video haitacheza hadi programu fulani ipakuliwe unafaa kufungwa papo hapo.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba toleo jipya la kivinjari halitafutwi kwenye tovuti ya mtu mwingine. Katika kompyuta, Chrome hujisasisha yenyewe, na mwenye shaka anaweza kufungua menyu ya nukta tatu, aingie sehemu ya usaidizi na kubofya “Kuhusu Google Chrome”. Katika simu, toleo jipya hupatikana Play Store au App Store.

Kero nyingine ni arifa zinazochomoza pembeni mwa skrini hata baada ya ukurasa kufungwa, zikitangaza zawadi, kamari au virusi vya kubuni. Wengi hudhani kompyuta imeambukizwa, ilhali mara nyingi kilichotokea ni kwamba mtumiaji alibofya “Ruhusu” alipoulizwa iwapo tovuti inaweza kumtumia arifa.

Tovuti za ulaghai hupata idhini hiyo kwa hila. Humwambia mgeni abofye “Ruhusu” ili athibitishe kwamba yeye si roboti, au ili video ianze kucheza. Kitufe hicho hakithibitishi lolote. Kinachofanya ni kufungua mlango wa matangazo.

Kwa kuwa idhini ilitolewa na mtumiaji, yeye pia anaweza kuiondoa. Katika Chrome ya kompyuta, afungue Mipangilio, aingie sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, na hatimaye arifa. Humo ataona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na anaweza kuondoa au kuzuia kila asiyoitambua. Pia anaweza kuamuru tovuti zisiulize tena. Katika simu ya Android, sehemu ya mipangilio ya tovuti hupatikana kupitia menyu ya nukta tatu.

Iwapo arifa hazitakoma baada ya hatua hizo, inafaa kukagua viendelezi vilivyomo kwenye kivinjari na kuondoa ambavyo mwenyewe hakumbuki kuviweka.

Hali huwa nzito zaidi kwa aliyekwisha kupakua na kuendesha toleo bandia la Flash. Huyo anashauriwa kukata intaneti, kuondoa programu hiyo, kukagua kompyuta kwa programu ya kupambana na virusi, na kubadilisha nywila za baruapepe na benki akitumia kifaa kingine kilicho salama.

Katika saiba, ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku, idhini iliyotolewa na mteja wa asubuhi inaweza kumsumbua wa jioni. Wenye saiba wanafaa kuikagua orodha ya arifa mara kwa mara, na mteja anayeona onyo la virusi likichomoza asibofye wala kupiga nambari ya simu iliyoandikwa humo, bali amwite mhudumu.