Manufaa ya Lugha ya Alama kwa Watoto Wachanga

Mtoto azaliwaye Murukulazo, au katika kijiji kingine cho chote cha wilaya za Ngara na Biharamulo, aghalabu husikia kwanza Kihangaza au Kishubi, lugha zilizo za ukoo mmoja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Aingiapo shuleni hukutana na Kiswahili, naye hukijenga juu ya msingi wa lugha aliyokwisha kuipata nyumbani. Si hivyo kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, wala kwa yule aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kusema. Huyo aweza kufika shuleni akiwa hana lugha hata moja. Kwa sababu hiyo, swali la manufaa ya lugha ya alama kwa watoto wachanga lina uzito zaidi katika vijiji kama hivi kuliko lilivyo mahali ambapo huzungumzwa kama mtindo mpya wa malezi.

Yafaa kwanza kupambanua maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ishara ni mwendo wa mkono au wa uso unaofuatana na maneno au kushika mahali pa neno moja, kama vile kumpungia mtu mkono, kumwita au kumkataza. Lugha ya alama ni lugha kamili. William Stokoe, wa Chuo cha Gallaudet huko Washington, alionyesha mwaka 1960 kwamba kila alama ya lugha ya viziwi wa Marekani yaweza kuchambuliwa kwa umbo la kiganja, mahali inapofanyiwa na mwendo wake, kama neno linavyochambuliwa kwa sauti zake. Ndivyo ilivyo Lugha ya Alama ya Tanzania. Si Kiswahili kilichogeuzwa kuwa cha vidole, maana ina utaratibu wake wa kupanga maneno, na uso hufanya sehemu ya kazi ambayo katika usemi hufanywa na kiimbo.

Faida ya mtoto anayesikia ndiyo iliyotangazwa sana. Kati ya miezi 9 na 12 watoto wengi huanza kuonyesha kitu kwa kidole, na wakati huo ulimi bado haujatii. Tangu miaka ya 1980 Linda Acredolo na Susan Goodwyn, wa Marekani, walichunguza jinsi watoto wanavyotumia ishara kutaja vitu kabla ya kuweza kuvitaja kwa mdomo, na katika uchunguzi wao waliona dalili kwamba watoto waliofundishwa hivyo walitangulia wenzao katika usemi. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza na Elizabeth Kirk na wenzake, uliotolewa mwaka 2013, uliwafuata watoto 40 tangu umri wa miezi 8 hadi 20, nao haukuona kwamba waliofundishwa alama au ishara waliwapita wengine katika lugha. Kilichoonekana ni kwamba baadhi ya mama waliofundisha waliangalia zaidi na kuyajali yale ambayo mtoto anataka kueleza bila ya maneno. Basi kwa mtoto anayesikia faida iko zaidi katika maelewano: mtoto huweza kuomba maji badala ya kulia tu, na mama huzoea kumtazama.

Kwa mtoto kiziwi jambo ni jingine kabisa, kwa kuwa kwake alama ndiyo lugha yenyewe. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi waliolelewa na wazazi wanaotumia alama huchezesha vidole kwa mpango maalumu, kama vile watoto wanaosikia wanavyorudia silabi kabla ya kusema. Akili ya mtoto hutafuta lugha, nayo huipokea kwa jicho kama inavyoipokea kwa sikio. Rachel Mayberry naye ameonyesha kwamba watu waliochelewa kupata lugha yao ya kwanza hubaki na upungufu katika sarufi hata baada ya kuitumia miaka mingi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Baadhi ya wazazi huogopa kwamba mikono itaufanya ulimi uwe mvivu. Hofu hiyo ni ya zamani. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 uliamua kwamba usemi wa mdomo utangulizwe na alama ziachwe, na shule nyingi ulimwenguni zikafuata. Ni mwaka 2010 tu, huko Vancouver, ambapo mkutano wa mfululizo huohuo uliukataa uamuzi huo na kusikitikia madhara yake. Wenyeji wa Ngara wana jibu karibu nao zaidi: Kihangaza hakimzuii mtoto kujua Kiswahili, bali humwandalia njia.

Katika Tanzania shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na katika mkoa wa Kagera iko shule ya Mugeza, Bukoba. Lakini Bukoba ni mbali na Murukulazo, na shule humpokea mtoto akiwa amefikia umri wa kusoma, yaani baada ya miaka ile iliyo bora kwa lugha. Tena sehemu kubwa kabisa ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua alama hata moja. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza hana budi kuwa mama, pamoja na bibi na ndugu wa mtoto.

Mwanzo wake hauhitaji vitabu. Alama za maziwa, uji, ndizi, maji, kulala, mama na baba zatosha kuanzia, kila moja ikifanywa wakati kitu chenyewe kipo. Mtoto aliye mgongoni hauoni uso wa mama wala mikono yake; basi yule asiyesikia yafaa aketishwe mara nyingi mbele ya msemaji. Alama zenyewe zichukuliwe kwa viziwi wazima walio karibu, kwa kuwa alama za shule moja hutofautiana na za nyingine, na mtoto anahitaji watu wa kuzungumza nao. Chama cha Viziwi Tanzania na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kushughulikia kamusi. Kazi iliyobaki kwa wachunguzi wa lugha ni kuyafikisha maarifa hayo kwa mama wa kijijini katika lugha anayoielewa, na kumfikia mwanawe akiwa bado mchanga.