Kamera ya Joto Hubaini Maumivu ya Punda Kabla Hajaanza Kuchechemea

SAME, Kilimanjaro

Katika tambarare kavu za Wilaya ya Same, punda hubeba maji, mahindi na kuni. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, unakusudiwa kupunguza adha hiyo, lakini kaya zilizo mbali na bomba bado humtegemea mnyama huyu. Punda akilemaa, ndoo hurudi kichwani mwa mama au mtoto.

Ugumu wa kumtunza punda ni kwamba huficha maumivu. Farasi aliyeumia mguu huonesha dalili mapema. Punda huendelea kutembea na kula kidogokidogo kana kwamba hana tatizo. Anapoanza kuchechemea, mara nyingi jeraha limeshakomaa. Kwa sababu hiyo, kamera ya joto, iliyozoeleka zaidi katika tiba ya farasi, ina manufaa kwa punda pia.

Kila mwili hutoa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kamera hii huipokea na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Wananchi wengi waliwahi kuona vifaa vya aina hiyo katika viwanja vya ndege wakati wa janga la UVIKO-19. Haimgusi mnyama wala haimpigi mionzi. Palipo na uvimbe, damu huongezeka na ngozi hupata joto. Katika picha, sehemu hiyo hung'aa kuliko nyingine. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) hutumia kamera hizo katika ukaguzi wa miguu ya farasi wa mashindano.

Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Kano au ukwato mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi, mtaalamu hupata sababu ya kuchunguza zaidi. Mgongoni, picha huweza kuonesha mahali soji inapobana kabla ngozi haijachubuka.

Hata hivyo, jua la Same laweza kuipotosha picha. Punda aliyesimama juani saa saba mchana hung'aa mwili mzima, na upande ulioelekea jua huonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Tope, jasho na dawa ya kupaka nazo hubadilisha picha. Inafaa mnyama apimwe asubuhi, akiwa mkavu, amepumzika kivulini na hajafungwa mzigo. Aidha, kamera hupima joto la ngozi tu. Haioni mfupa, haitaji jina la ugonjwa, wala haichukui nafasi ya kipimajoto. Joto la ndani la punda mzima huwa kati ya nyuzi 36.2 na 37.8, chini kidogo ya la farasi, hivyo anayetumia kiwango cha farasi anaweza kuikosa homa ya punda.

Kamera hizi ni ghali, na si jambo la busara kwa mfugaji mmoja kujinunulia. Mahali pake ni mikononi mwa daktari wa mifugo anayehudumia wanyama wengi. Mfugaji anacho kiganja. Kila asubuhi kabla ya kufunga soji, apapase miguu yote minne kuanzia goti hadi ukwato, akilinganisha kushoto na kulia, kisha apitishe mkono mgongoni. Sehemu yenye joto kuliko mwenzake, au inayomfanya punda akunje masikio na kusogea, ni sababu ya kumpumzisha siku hiyo na kumwita afisa mifugo wa kata.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumkinga dhidi ya maumivu na mateso yanayoepukika. Umuhimu wa punda umetambuliwa pia na Umoja wa Afrika, ambao Februari 2024 uliridhia kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi.

Kwa punda wanaoshuka na mizigo katika njia za mawe za Milima ya Upare, ukaguzi uanzie miguu ya mbele: ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito, hasa mteremkoni.