Jina Lisizidi Ushahidi: Utambuzi wa Nzi Waeleaji kwa Njia ya Picha

Utangulizi

Wahenga walituasa tusimwone simba amenyeshewa tukamdhania paka. Katika ulimwengu wa wadudu methali hii hugeuzwa: paka ndiye ajivikaye ngozi ya simba. Penye maua huonekana mdudu mwenye mistari ya manjano na nyeusi, naye aliyewahi kuumwa na nyigu humkimbia au humwua papo hapo. Aghalabu mdudu huyo si nyigu wala nyuki. Ni nzi asiye na mwiba, wa familia iitwayo Syrphidae katika lugha ya sayansi. Familia hiyo ina takribani spishi 6,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Kwa kuwa nzi hao huweza kutulia hewani pahali pamoja huku mabawa yakipiga kwa kasi, makala haya yanawaita nzi waeleaji.

Makala haya yanafafanua jinsi mpenzi wa maumbile asiye mtaalamu anavyoweza kuwatambua nzi hao kwa kutumia picha. Hoja kuu ni kwamba picha ni shahidi, na jina analopewa mdudu halipaswi kuzidi ushahidi uliotolewa.

Gharama ya Kukosea Jina

Kosa la kumpa mdudu huyu jina lisilo lake lina historia ndefu. Wagiriki na Warumi wa kale waliamini kwamba nyuki huweza kuzaliwa kutokana na mzoga wa ng'ombe. Mshairi Mrumi Virgil aliieleza imani hiyo katika utungo wake Georgics, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mnamo mwaka 1894, Carl Robert Osten-Sacken, mwanadiplomasia wa Urusi aliyebobea katika elimu ya nzi, alichapisha maelezo ya chanzo cha imani hiyo. Kwa mujibu wake, waliotoka mzogani hawakuwa nyuki bali nzi mweleaji aitwaye Eristalis tenax, anayefanana mno na nyuki dume. Mabuu ya nzi huyu huishi katika maji machafu na uozo wa majimaji, yakipumua kwa mrija mrefu mithili ya mkia. Kwa muda wa karne nyingi, basi, jina lisilofaa lilizaa elimu isiyofaa.

Hata leo jina lina uzito. Mabuu ya spishi nyingi za nzi waeleaji hula vidukari wanaofyonza utomvu wa mimea, nao nzi waliokomaa huchavusha maua. Mkulima anayemdhania nyigu humwua msaidizi wake. Isitoshe, kumbukumbu za wapenzi wa maumbile hutumiwa na wanasayansi. Nchini Uingereza, mpango wa kuandikisha nzi hawa ulianzishwa mwaka 1976, na sehemu kubwa ya data yake hutoka kwa watu wanaojitolea. Jina lililokosewa likiingia humo, ramani itaonyesha spishi mahali ambapo haipo.

Hatua ya Kwanza: Kuitambua Familia

Kabla ya kutafuta spishi, ni sharti kuthibitisha kwamba mdudu ni nzi. Nyuki na nyigu wana mabawa manne. Nzi ana mawili tu. Nyuma ya mabawa hayo nzi ana vijiti viwili vidogo, vyenye vichwa mithili ya rungu, vinavyomsaidia kujisawazisha anaporuka. Aidha, vipapasio vya nzi waeleaji wengi ni vifupi na macho yao ni makubwa mno, ilhali vipapasio vya nyuki na nyigu ni virefu na huonekana kwa urahisi.

Alama inayoitambulisha familia yenyewe imo katika bawa. Katikati yake hupita mstari hafifu unaofanana na mshipa lakini usioungana na mishipa mingine. Wataalamu huuita mshipa wa uongo. Picha iliyopigwa mwanga ukipenya bawa huweza kuuonyesha bayana.

Picha Zinazofaa

Picha moja ya kuvutia haitoshi. Inayopigwa kutoka juu huonyesha mistari ya tumbo na mishipa ya mabawa. Inayopigwa kutoka ubavuni huonyesha miguu, hususan mapaja ya nyuma. Nayo ya mbele huonyesha uso. Hali kadhalika, tarehe na mahali ni sehemu ya ushahidi, wala si mapambo.

Macho husaidia kubainisha jinsia. Katika spishi nyingi macho ya dume hukutana utosini, ilhali ya jike hutenganishwa na paji. Kanuni hii ina vighairi: madume wa jenasi ya Helophilus macho yao hayakutani. Rangi nayo si shahidi wa kutegemewa peke yake. Episyrphus balteatus, ambaye ni maarufu katika bustani za Ulaya, huwa mweusi zaidi akikulia penye baridi. Kinachomtambulisha ni mpangilio: kila pingili ya katikati ya tumbo ina mstari mweusi mpana na mwingine mwembamba. Eristalis tenax naye ana mistari miwili ya wima ya vinyweleo vyeusi juu ya kila jicho.

Mipaka ya Picha

Mfano wa jenasi ya Syrphus unaonyesha mahali ambapo picha hunyamaza. Nchini Uingereza, jike wa Syrphus ribesii hutofautishwa na wa Syrphus vitripennis kwa paja la nyuma: la kwanza ni la manjano, la pili ni jeusi kwa sehemu kubwa. Picha nzuri ya ubavuni hutosha. Madume wa spishi hizo, hata hivyo, wote wana mapaja meusi kwa sehemu kubwa. Kinachowatenga ni vinyweleo vidogo mno katika sehemu fulani ya bawa, ambavyo kwa kawaida huhitaji hadubini. Katika jenasi ya Sphaerophoria mambo ni magumu zaidi, kwani madume hutambuliwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi, na majike wengi hawatambuliki hata kwa njia hiyo.

Katika hali kama hizo, jibu sahihi ni kuandika jina la jenasi na kukomea hapo. Kufanya hivyo si kushindwa. Anayeandika Syrphus pekee ametoa kauli ya kweli. Anayeongeza ribesii kwa kubahatisha ameiharibu kweli aliyokuwa nayo.

Jina na Mahali

Mahali nako kuna mipaka yake. Kitabu cha utambuzi hufanya kazi kwa kuondoa: msomaji hukataa spishi moja baada ya nyingine hadi ibaki moja. Njia hii hufaulu iwapo spishi zote za eneo husika zimo kitabuni. Anayempiga picha nzi jijini Nairobi kisha akamtafuta katika kitabu cha Uingereza atapata jina, lakini huenda likawa la jirani wa mbali. Ni kweli kwamba Eristalis tenax ameenea karibu duniani kote, na Eristalinus taeniops, mwenye macho yenye milia ya wima, hupatikana Afrika na kusini mwa Ulaya. Hata hivyo, Afrika ina spishi nyingi ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji kamwe.

Programu za kompyuta zinazopendekeza majina zina udhaifu uo huo. Hujifunza kutokana na picha zilizolishwa, na pale picha za eneo zilipo chache, hupendekeza spishi inayofanana na iliyozoeleka kwingineko. Pendekezo lake ni mwanzo wa uchunguzi, si hukumu.

Hitimisho

Imebainika kwamba kumtambua nzi mweleaji kwa picha ni kazi ya kupima ushahidi: mabawa kwanza, kisha uso, macho, tumbo na miguu, pamoja na tarehe na mahali. Mpenzi wa maumbile anashauriwa kutaja, kando ya kila jina, alama iliyomfikisha hapo, ili mwenzake aweze kuihakiki picha upya. Mwanafunzi wa lugha huambiwa kila mara asiipe kazi ya fasihi maana isiyomo matinini. Nzi naye, licha ya udogo wake, anastahili msomaji wa namna hiyo.