Ng'ombe hana mimba: jibu limo ndani ya maziwa yake

Ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani peke yake, kama walivyo wengi wa Kilimanjaro na Arumeru, hana mwenzake wa kumpanda. Hivyo dalili ya joto iliyo wazi kuliko zote, ile ya kusimama akatulia anapopandwa, haionekani. Joto lenyewe kwa kawaida halifiki siku nzima, mara nyingi huja usiku, na kwa zebu huwa fupi zaidi. Mfugaji akilikosa, anasubiri siku 21 nyingine huku akikata majani na kununua pumba. Hata aliyewahi kuhimilisha hana uhakika: mkono wa daktari wa mifugo, unaopapasa mji wa mimba kupitia njia ya haja kubwa, huhitaji wiki sita hivi kabla ya kutoa jibu la kuaminika. Kufikia hapo, ng'ombe asiyeshika mimba ameshapoteza mizunguko miwili.

Maabara inaweza kumjibu mfugaji huyu wiki tatu hivi baada ya kuhimilisha, kwa kupima homoni moja tu, progesteroni.

Yai linapotoka, mahali lilipotoka kwenye ovari huota kinundu cha manjano. Kinundu hicho ndicho kinachotengeneza progesteroni, homoni inayotuliza mji wa mimba na kuuandaa kupokea kiinitete. Siku ya joto, damu ya ng'ombe huwa na chini ya nanogramu 1 ya progesteroni katika kila mililita. Kuanzia siku ya nne au ya tano kiwango hupanda, na katikati ya mzunguko hufika nanogramu kadhaa. Ikiwa hakuna mimba, karibu na siku ya 17 mji wa mimba hutoa prostaglandini, kinundu hunyauka, homoni huporomoka na joto hurudi. Mimba ikiwapo, kiinitete hutoa protini iitwayo intaferoni tau, ambayo huizuia prostaglandini isifanye kazi hiyo, na progesteroni hubaki juu. Ndiyo maana siku ya 21 ina thamani kubwa. Ng'ombe wawili waliohimilishwa siku moja watafanana kwa macho, lakini damu na maziwa yao vitasema mambo tofauti kabisa.

Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni, na njia ya kupima kiasi kidogo namna hiyo ilianzia kwa binadamu. Katika miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakiwa katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, waligundua kwamba wagonjwa wa kisukari waliodungwa insulini ya ng'ombe na nguruwe walikuwa wakitengeneza kingamwili dhidi yake. Wakazigeuza kingamwili hizo kuwa chombo cha kupimia homoni, wakitumia alama ya mionzi. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Mwaka 1971, Laing na Heap wa Uingereza walionyesha kwamba progesteroni ya ng'ombe hupimika hata katika maziwa. Mwaka huohuo, Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walichapisha ELISA, kipimo kinachotumia kimeng'enya na rangi mahali pa mionzi. Maabara nyingi za Afrika zilianza na kile cha mionzi, kwa vifaa vilivyosambazwa na FAO pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kutoka Vienna.

ELISA ya progesteroni hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na ndani ya kila kishimo zimegandishwa kingamwili zinazoishika homoni hiyo. Zichukulie kama viti vya daladala: ni vichache, na wanaovigombania ni wengi. Fundi wa maabara hutia sampuli, kisha huongeza progesteroni nyingine iliyofungwa pamoja na kimeng'enya. Homoni ya ng'ombe ikiwa nyingi, huchukua viti na yenye kimeng'enya hukosa nafasi. Kishimo huoshwa, dawa ya rangi hutiwa, na kadiri kimeng'enya kilivyobaki kingi ndivyo rangi inavyokolea. Kwa hiyo rangi hafifu ndiyo yenye homoni nyingi, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi. Kila sampuli hupimwa katika vishimo viwili na kulinganishwa na viwango vinavyojulikana, vilivyopimwa kwenye sahani hiyohiyo.

Mashine itasoma rangi kwa uaminifu, lakini makosa makubwa hutokea kabla sampuli haijaifikia. Damu ya ng'ombe ikiachwa juani bila kutenganishwa, chembe zake huibadilisha progesteroni na kiwango hushuka. Matokeo yatasema ng'ombe hana mimba ilhali anayo, na akidungwa prostaglandini ili arudi kwenye joto, mimba itatoka. Damu ikae kwenye barafu, na plazma itenganishwe mapema. Maziwa yana tabia nyingine: progesteroni hupenda mafuta, na maziwa ya mwisho wa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Anayechanganya haya na yale analinganisha vitu viwili tofauti.

Jambo jingine ni vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu ya binadamu. Progesteroni ni molekuli ileile kwa mwanamke na kwa ng'ombe, kwa hiyo vinaweza kufaa, ila kwanza maabara ithibitishe kwa kuongeza kiasi kinachojulikana katika sampuli ya ng'ombe na kuona kama kinarudi chote. Homoni za protini, kama ile inayochochea yai kutoka, hutofautiana kati ya viumbe, na kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya homoni ya binadamu huweza isiitambue kabisa ya ng'ombe.

Jibu la "hana mimba" ndilo lenye nguvu, kwa sababu hakuna mimba inayodumu bila progesteroni. Kiwango cha juu siku ya 21 ni dalili nzuri tu. Huenda mzunguko wa ng'ombe huyo ni mrefu, mji wa mimba una usaha, au kiinitete kitakufa baadaye. Huyo apimwe tena kwa mkono.

Naona kipimo hiki kimekaa mno kwenye tafiti. Mfugaji tayari hupeleka maziwa kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia chenye tangi la kupozea; chupa ndogo yenye jina la ng'ombe wake ingeweza kusafiri kwa njia hiyohiyo. Ziwe chupa mbili: moja ya siku ya kuhimilisha, nyingine ya siku ya 21. Ile ya kwanza ikionyesha progesteroni iko juu, ng'ombe hakuwa kwenye joto kabisa siku ile, na kinachohitajika bandani ni mtu wa kumwangalia ng'ombe alfajiri na usiku kabla ya kununua mbegu nyingine.